Pikipiki Iliyomkaa Inspekta

Siku hiyo mjinga wa kituo cha polisi alikuwa Inspekta mwenyewe, na wala haikuhitajika kupiga kura. Ujinga wake aliuandika kwa mkono wake, kwa wino wa serikali, na sahihi akaiwekea mkia mrefu: "Pikipiki imekaguliwa. Breki nzima. Gia nzima. Haina hitilafu. Chanzo cha ajali ni mwendo kasi."

Aliandika hivyo baada ya kuipanda pikipiki ya marehemu na kuizungusha kwenye uwanja wa nyuma wa kituo. Alishuka anatabasamu. Ilimkaa. Goti halikugonga tangi, buti liliingia chini ya pedeli ya gia bila kutafuta, kisigino kikatulia. Kwa mtu ambaye askari wake walimwita Twiga akishageuza mgongo, kupata pikipiki isiyomkunja kama kiti cha chekechea ilikuwa starehe ya nadra. Alipaswa kujiuliza kwa nini imemkaa hivyo. Hakujiuliza.

Marehemu alikuwa mpeleka vifurushi. Alikutwa siku mbili kabla, asubuhi, kwenye korongo, chini ya kona ya barabara ya machimbo, kisogo kimepasuka, na pikipiki imelala kwenye magugu karibu naye. Taa ya mbele imevunjika, ubavu umechubuka, basi. Kona ile ilikwisha kula watu wengine, kwa hiyo hakuna aliyeishangaa kwa kuongeza mmoja.

Sasa mbele ya meza ya Inspekta walikaa watu wawili wasiotazamana. Mmoja alikuwa mjane, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pacha. Mwingine alikuwa kaka mkubwa wa marehemu, mshika msumeno wa kiwanda cha mbao, pande la mtu aliyeinama kuingia mlangoni. Kiwandani walimwita Nguzo.

"Afande, mimi sina maneno mengi," alisema Nguzo. "Mdogo wangu tunamzika kesho. Nipe pikipiki leo hii hii, nimpelekee mnunuzi, watoto wapate chochote. Wewe si umeshamaliza nayo?"

"Nimemaliza."

"Basi."

"Mimi sijamaliza," alisema Mama Pacha.

Nguzo alishusha pumzi kama mtu anayesumbuliwa na nzi. "Shemeji, pikipiki ndiyo imemuua. Unataka kuiweka sebuleni uwe unaiangalia?"

"Nataka kujua imemuuaje. Mume wangu alikuwa anaendesha kama amebeba mayai. Wateja walikuwa wanamtania kwamba vifurushi vyake vinafika vimeota ndevu. Leo mnaniambia mwendo kasi?"

"Mama, pole sana," alisema Inspekta. "Lakini ripoti imeshaandikwa."

"Iliandikwa na malaika?"

Inspekta akajifanya hakusikia. Nguzo ndiye aliyejibu, kwa sauti ya upole iliyokuwa mbaya kuliko matusi. "Uchungu huo, afande, tumsamehe. Mazishi yakiisha nahamia pale nyumbani, niwe karibu na watoto. Familia imeshakubaliana."

"Familia ipi?" aliuliza Mama Pacha.

"Mimi."

Inspekta alivuta droo, akatoa ufunguo, akamwita Sajini. Sajini alikuwa mwanamke mfupi ambaye kituo kizima kilimwita Nukta, kwa kimo chake na kwa tabia yake ya kufunga maneno ya wenzake. "Itoe pikipiki nyuma, uilete hapa getini. Bwana huyu anasaini anaondoka nayo."

Nukta akaenda. Walisikia injini ikiwaka. Kisha wakasikia inanguruma bila kwenda, ikanguruma tena, ikaruka, ikazimika, na mwishowe kikaja kishindo cha chuma kwenye ukuta.

Inspekta alimkuta Nukta ameiegemeza pikipiki ukutani, kofia imemkaa upande, anachechemea.

"Nani alikupa leseni wewe?"

"Wewe, afande. Ulinifanyia mtihani mwenyewe." Nukta alijipangusa suruali. "Mguu wangu hauipati gia. Naitafuta kama swichi ya taa kwenye nyumba ya watu. Na vikanyagio viko chini huko, nimening'inia kama nguo kwenye kamba. Hii si pikipiki, ni ngazi."

"Acha visingizio. Mimi niliipanda asubuhi, ikaenda kama maji."

Akaipanda kumwonyesha. Makalio kwenye kiti, miguu kwenye vikanyagio, kidole cha buti chini ya pedeli. Kila kitu kikaingia mahali pake. "Umeona? Mbona mimi..."

Hakumaliza. Nukta alikuwa anamtazama, akianzia kwenye buti na kupanda juu taratibu, kama mtu anayekagua mnara.

"Afande," alisema, "marehemu alikuwa na kimo gani?"

Inspekta alikumbuka mochwari. Alikumbuka ile sinia ya bati na nafasi kubwa iliyobaki chini ya miguu ya maiti, na raba nyepesi za kitambaa zilizokuwa kwenye mfuko pembeni. Alimtazama Sajini. Kisha akashuka kwenye pikipiki polepole, kama mtu aliyegundua amekalia kiti cha mgeni.

"Kama wewe," alisema.

"Basi alikuwa ananing'inia kama mimi. Au hakuwa juu yake kabisa."

Wakapiga magoti. Kazi ambayo Inspekta alipaswa kuifanya mwanzo, sasa aliifanya kwa haraka na kwa aibu. Alianza kushoto. Pedeli ya gia hushikwa kwenye mhimili wake kwa meno madogo, na ukilegeza bolti unaweza kuichomoa na kuirudisha imeelekea juu au chini. Hii ilikuwa imerudishwa juu. Pale ilipokuwa imekaa miaka yote palibaki alama safi, isiyo na kutu wala tope. Pedeli hupandishwa hivyo kwa mtu wa buti nene, ili kidole kipate nafasi ya kuingia chini yake. Mwenye raba angetafuta hewa kwanza ndipo aipate.

Halafu vikanyagio, vile vyuma viwili vya kuwekea miguu. Vyote viwili vilikuwa vimeshushwa kwa vibati vipya, karibu upana wa kiganja, na pedeli ya breki imefuatishwa chini. Hiyo si kazi ya buti. Hiyo hufanywa kwa mwenye miguu mirefu, asiendeshe magoti yakiwa kifuani.

"Bolti hizi bado zinang'aa," alisema Nukta. "Na tazama kibati. Kimekatwa kwenye kitanda cha chuma. Rangi ya kijani bado ipo kwa nyuma. Vitanda vya bweni hivi."

"Unamjua anayekata vitanda?"

"Yupo fundi mmoja nyuma ya kituo cha mafuta. Alinunua vitanda vya shule iliyofungwa. Ukipeleka hata mwavuli atakutia kipande cha kitanda."

Inspekta hakucheka. Alikuwa amechomoa kisu kidogo na kuchokoa kwenye meno ya kikanyagio cha kushoto, mahali buti linaposhika. Ukatoka uchafu wa grisi, na ndani ya grisi unga mwekundu laini. Aliunusa. Mbao mbichi. Akaufunga kwenye karatasi, akauchomoa ufunguo na kuutia mfukoni mwake mwenyewe.

Ofisini alimkuta Nguzo amesimama, nakala yake ya ripoti ameishika mkononi anaisoma kwa kuridhika.

"Samahani, mzee. Sajini amegonga ukuta, usukani umepinda. Siwezi kukupa kitu kibovu. Rudi saa tisa."

"Mimi nina kazi, afande."

"Njoo hivyo hivyo na nguo za kazi. Hapa hatuna sherehe."

Nguzo alipotoka, Inspekta hakurudi nyuma ya meza. Alivuta kiti akakaa upande wa Mama Pacha.

"Mama, mara ya mwisho ulimwona lini mumeo juu ya pikipiki?"

Mama Pacha alimtazama kwanza, kupima kama swali ni la kweli. "Ni muda. Wiki yake ya mwisho yote alitembea, vifurushi mgongoni. Aliniambia iko kwa fundi inasubiri kipuri."

"Fundi gani?"

"Hakusema. Nilipomuuliza aligeukia watoto. Mimi nilijua ananificha kitu, nikadhani amegonga mtu." Alizungusha pete kidoleni. "Kaka yake alikuja kabla ya hapo, wakagombana mlangoni. Anadai pikipiki ilitokana na kiwanja cha baba yao, kwa hiyo ni ya mkubwa. Mume wangu akamwambia kiwanja uliuza wewe ukala wewe. Basi hapo ndipo salamu zilipokatika."

"Hukuniambia haya."

"Uliniuliza? Uliniambia ripoti imeshaandikwa."

Hilo Inspekta alilimeza bila maji. "Nenda nyumbani, uniletee viatu vyake vingine alivyokuwa anaendeshea. Saa tisa uwe hapa."

*

Fundi wa nyuma ya kituo cha mafuta aliitwa Baba Grisi, na alipomwona Inspekta anakuja aliingia chini ya gari ambalo halikuwa na injini.

"Toka huko," alisema Inspekta. "Unatengeneza kivuli?"

Baba Grisi akatoka kwa makalio. Alikuwa mtu wa macho mekundu, anayejipangusa mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe. "Karibu, mkuu. Kama ni ile pikipiki, mimi siijui."

"Pikipiki ipi?"

"Yoyote."

"Sijataja pikipiki, wewe umeshaikana?" Inspekta aliokota kipande cha chuma cha kijani kwenye meza ya kazi, akatoa mfukoni kibati cha kikanyagio cha kulia alichokifungua kituoni, akaviweka pamoja. Rangi moja, msumeno mmoja, hata ukingo uliopinda ulikuwa mmoja. "Mwenye pikipiki amekufa. Kazi ya mwisho kufanyiwa ni hii yako. Nikiamua kulala mapema leo, naandika kwamba fundi aliharibu pikipiki ikamtupa mtu korongoni. Unataka nilale mapema?"

"Mkuu, mimi nina watoto!"

"Na yeye alikuwa nao. Wawili wamefanana. Sema."

Baba Grisi alikaa juu ya tairi. Alisema mteja alikuja jioni, mrefu, amevaa helmeti, kioo hakukifunua hata mara moja. Hakumshangaa. Wateja wengi huogopa vumbi, na wengine huogopa wanaowadai.

"Alitaka nini?"

"Alisema magoti yanamuuma na buti haliingii kwenye gia. Nikamkalisha pale juu ya kiti chake, nikapiga magoti, nikamshika mguu kama mtu anayemvisha mtoto kiatu. Ndivyo kazi hii inavyopimwa, mkuu, huwezi kupima mguu wa mtu asiyekuwepo. Nikashusha vikanyagio. Nikapandisha pedeli. Akajaribu, akasema bado. Buti lake lilikuwa na chuma kwa mbele, nene hivi. Nikapandisha tena."

"Buti lilikuwa safi?"

"Safi wapi! Lilinimwagia unga wa mbao mpaka kwenye boksi la spana."

"Akasema nini kingine?"

"Nilimwambia pikipiki hii ilikuwa imepangwa kwa mtu mfupi. Akasema, 'Sasa ni yangu, ikae kama yangu.'"

Inspekta alisubiri. Fundi alikuwa amemaliza kusema lakini hakuinuka, na mikono iliendelea kufuta kitu ambacho hakikuwepo.

"Kuna kingine," alisema Inspekta.

"Mkuu, nikisema utanifunga."

"Usiposema nitakufunga na utakuwa hujapumua."

"Yule mfupi alikuja." Sauti ya Baba Grisi ilishuka. "Marehemu. Alikuwa anazunguka kwa mafundi wote, anauliza kama kuna mtu ameleta pikipiki yake, imeibwa nje ya duka. Alikuwa amechoka kutembea, raba zimejaa vumbi. Mimi nikamwambia nimeitengeneza, nikamweleza na mteja mwenyewe alivyo. Akakaa hapa hapa nilipokaa. Akaniuliza: ule unga wa mbao ulikuwa mwekundu? Nikasema ndiyo. Akacheka kidogo, mkuu, kile kicheko kisicho na furaha. Akasema, 'Na mke wangu nimemdanganya ili nimfichie siri huyo huyo.' Akaondoka kwa miguu kuelekea kiwandani."

"Lini?"

"Jioni ile. Asubuhi yake mkamwokota."

Ng'ambo ya ukuta mtu alikuwa anajaza upepo tairi, na pampu ikawa inapiga kelele ya kuhema.

"Inuka," alisema Inspekta. "Vaa shati lenye vifungo. Saa tisa utakuwa kwangu."

"Sura sikuiona, mkuu! Nitamtambuaje?"

"Ulishika mguu. Njoo uutazame mguu."

*

Saa tisa Nguzo alifika na nguo za kazi, kama alivyoambiwa. Unga mwekundu ulikuwa kwenye ukosi, kwenye nyusi, kwenye mikunjo ya suruali. Miguuni alivaa buti zenye ncha ya chuma. Alimkuta Inspekta uwanjani kando ya pikipiki, Nukta getini, Mama Pacha na mfuko wa plastiki kifuani, na Baba Grisi nyuma ya kila mtu.

"Kumbe tuko wengi," alisema Nguzo. "Usukani umenyooka?"

"Haukupinda. Nilikudanganya." Inspekta alisema hivyo kama anayesema mvua imekatika. "Wewe unajua kuendesha?"

"Najua."

"Hii?"

"Hii sijaigusa tangu mwaka jana. Alikuwa mchoyo nayo, Mungu amrehemu."

"Niazime mguu wako wa kushoto."

Nguzo alicheka, lakini aliunyoosha. Juu ya ncha ya buti ngozi ilikuwa imechubuka hadi chuma kikaonekana, mstari mmoja wa kukingama, mweusi, umelainishwa kwa kusuguliwa. Inspekta alimwomba Mama Pacha mfuko. Akatoa raba ya kushoto ya marehemu, imefuliwa ikapauka. Ilikuwa na mstari ule ule juu ya kidole, ule ambao pedeli humwandikia kila anayeinua gia kwa mguu.

"Huu ni wa miaka," alisema Inspekta. "Wako ni mpya. Umetoka wapi?"

"Kiwandani tunapiga magogo mateke."

"Kwa mguu wa kushoto tu? Wa kulia mnamwekea nani?"

Nukta alikohoa kuficha kicheko. Nguzo hakutikisika. Alimgeukia Baba Grisi. "Wewe. Mimi umewahi kuniona?"

"Uso... uso sikuuona," alisema Baba Grisi. "Buti ndiyo hiyo."

"Buti ndiyo hiyo! Kiwanda kizima tunavaa hizi, tulipewa siku moja." Nguzo alitoa mfukoni nakala ya ripoti, akaikunjua kwa utaratibu wa mtu aliyejiandaa. "Afande, nikusomee? 'Imekaguliwa. Haina hitilafu.' Sahihi ya nani hii yenye mkia? Asubuhi haina hitilafu, mchana ina kesi? Buti ndiyo kosa? Basi jifunge na wewe, maana hata wewe umezivaa."

Inspekta alihisi masikio yanapata moto. Karatasi ilikuwa yake, na mahakamani ingesomwa kwa sauti ile ile. Alijua anavyoonekana, mrefu kando ya mrefu mwenzake, na pikipiki katikati ikiwafaa wote wawili.

"Nieleze wewe, basi," alisema. "Kwa nini gia imepandishwa?"

"Si ungeniuliza tangu asubuhi?" Nguzo alipata nguvu, sauti ikafunguka. "Mdogo wangu alinunua buti. Za mvua, nene. Aliniambia mwenyewe kwamba kidole hakiingii kwenye gia. Akaenda kwa huyu mlevi akapandishiwa. Siku ya ajali akavaa raba kwa mazoea, mguu ukakosa gia kwenye kona, akaenda. Mtu kanunua buti, karekebisha pikipiki, fundi kakosea. Mkamate fundi. Hapo kesi iko wapi?"

Baba Grisi alitikisa kichwa kukana. Inspekta mwenyewe alikwama, kwa sababu lilikuwa jibu zuri. Pedeli ya gia hupandishwa kwa ajili ya buti, hilo hata yeye angeapa. Nguzo aliuona mkwamo huo, akanyoosha mkono wazi kuomba ufunguo.

"Sema, afande. Buti si kosa."

Nukta alivuta pumzi aseme, kama kawaida yake. Lakini aliwahiwa. Mama Pacha alikuwa ameichukua ile raba mkononi mwa Inspekta, akachuchumaa kando ya pikipiki. Akaiweka juu ya kikanyagio cha kushoto, kule chini kilikoshushwa. Raba ikakaa hapo peke yake, ndogo, mbali na kiti. Aliitazama kidogo, kisha akainua macho kwa kaka wa mumewe.

"Sawa, shemeji. Buti alinunua," alisema. "Na hiyo miguu mirefu, aliinunua duka gani?"